Tairi kwanza, farasi baadaye

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi jioni Mikocheni, kwenye mkutano wa wenye magari ya spidi. Wengi mlikwama foleni au kazini, mkaomba niyaweke hapa. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliopaki kinyumenyume ili mtoke hapa kwa mbwembwe, habari za jioni!

Sijasikia. Habari za jioni!

Haya, sasa tuko pamoja.

Mwenyekiti aliponipigia aliniambia, "Fundi, masika yanakaribia, njoo utuelekeze namna ya kuandaa magari." Nikamjibu nitakuja, ila nitazungumzia theluji. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu mwenye wasiwasi na afya yangu: "Theluji ya wapi, Fundi? Ya Kilimanjaro?"

Sasa nawauliza na ninyi. Nani hapa gari lake limetoka Japani? Nyoosheni mikono. Nyoosheni vizuri, msione haya. Mnaona? Karibu ukumbi mzima. Na nani anajua gari lake liliishi mkoa gani kabla ya kupanda meli? Mikono imeshuka yote. Umebaki wa mzee wangu pale nyuma peke yake.

Japani ni nchi ndefu. Kusini kabisa kuna Okinawa, kwenye joto na fukwe. Kaskazini kuna Hokkaido, na mji wake wa Sapporo hupata karibu mita 5 za theluji kwa msimu mmoja, ukijumlisha inayoanguka siku hadi siku. Aomori, Akita, Niigata, kote huko ni theluji. Gari lililoishi huko liliandaliwa kwa ajili ya huko. Likauzwa mnadani, likapanda meli, likashuka bandarini kwetu likiwa na maandalizi yale yale. Unalilipia ushuru, unalipa namba, unaliosha, unaenda nalo Coco Beach. Nani amekaa chini akajiuliza: gari hili liliandaliwa liende wapi?

Nina mpwa wangu anasoma Montreal, Canada. Kijana wa Temeke, mjanja, anapenda magari kuliko vitabu, mama yake asisikie. Akanunua Subaru WRX ya mtumba kule kule. Oktoba ilipofika akanipigia: "Mjomba, wenyeji wanasema baridi inakuja. Nilifanyie nini gari?" Kabla sijafungua mdomo akaanza kunitajia oili, plagi, betri, na programu ya kuongeza nguvu aliyoona mtu anaiuza. Nikamwambia, mjomba, weka hayo yote pembeni. Tairi kwanza. Ukishamaliza tairi nipigie tena.

Tairi kwanza. Naomba mseme pamoja nami. Tairi kwanza!

Kwa nini? Kwa sababu gari lenye nguvu za farasi 300 limeshikana na ardhi kwenye sehemu nne tu, kila moja ukubwa wa kiganja changu hiki. Nguvu yote, breki zote, usukani wote, vinapita kwenye viganja vinne. Vikiteleza hivyo, farasi wako 300 hawana pa kukanyaga.

Sasa, mpira wa tairi una tabia yake. Tairi za kiangazi, hasa zile pana za magari ya spidi, zimechanganywa ili zishike lami yenye joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira unaanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji popote. Kwenye baridi kali zaidi, baadhi ya watengenezaji wanaonya usisogeze gari kabisa, maana mpira unaweza kupasuka. Tairi ya baridi mpira wake ni laini, unabaki laini hata kwenye barafu, na juu ya kila jino kuna mikato myembamba mingi inayong'ata theluji. Ubavuni ina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Mkoa wa Quebec, alipo mpwa wangu, haujamwachia mtu hiari: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi tairi za baridi ni lazima kisheria. Wajerumani nao wana msemo wao, vaa tairi za baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka.

Mpwa wangu akaniuliza: "Lakini Mjomba, hii si inavuta kwa tairi zote nne?" Swali zuri. Na ninyi wenye Subaru najua mlikuwa mnalisubiri. Kuvuta kwa tairi nne kunakusaidia kuondoka. Je, kunakusaidia kusimama? Hakukusaidii hata kidogo! Kila gari, hata Vitz ya shangazi, lina breki kwenye tairi zote nne. Ukipiga breki kwenye spidi ya 50 juu ya lami kavu, gari zuri linasimama ndani ya mita 12 au 13. Juu ya barafu inayong'aa, spidi ile ile ya 50, hesabu inakupeleka karibu mita 100. Mita 100, jamani! Urefu wa uwanja wa mpira. Ndiyo maana kule wenye magari yanayovuta kwa tairi nne huonekana sana mitaroni: wameondoka vizuri kuliko wenzao, wakasahau kwamba watasimama sawa na wenzao.

Akauliza tena: aweke rimu kubwa zaidi? Nikamwambia apunguze. Gari la spidi ukilipeleka kwenye theluji unashuka saizi ya rimu na unachukua tairi nyembamba kidogo, kwa sababu tairi nyembamba inakandamiza na kupenya theluji, wakati pana inaelea juu yake. Muhimu ni kupima kama rimu ndogo itaivuka breki, maana zile kaliper, yaani vibano vya breki, kubwa za STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, hazikubali rimu iliyo chini ya inchi 17. Na apime upepo mara kwa mara: kila joto likishuka nyuzi 10, tairi inapoteza karibu psi 2, psi ni kipimo cha upepo wa tairi. Uliyoijaza vizuri ndani ya gereji yenye joto, ukiitoa nje asubuhi ya baridi kali imeshalegea. Akaambiwa pia aache ndoto ya kushusha gari. Gari lililoshushwa kwenye theluji linageuka greda, linasukuma theluji kwa bampa mpaka linapanda juu yake na tairi zinaning'inia.

Sasa turudi Dar, maana naona wengine mmeanza kuangalia simu.

Kijana mmoja aliniletea Forester ya turbo. Alikuwa ameitoa yadi si muda mrefu. Aliyemuuzia alimsifia tairi: "Ona meno haya, hayajaguswa hata kidogo, tairi mpya kabisa." Mvua ya kwanza ikamkuta Barabara ya Bagamoyo, maeneo ya Bunju. Daladala mbele ikasimama ghafla kushusha abiria, nanyi mnazijua daladala. Akakanyaga breki. Gari likaenda tu, taratibu, bila haraka, mpaka mtaroni. Yeye mzima, bampa hakuna.

Akaniambia, "Fundi, niangalizie breki." Nikaangalia. Diski nzuri, pedi nzuri, oili ya breki safi, hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Nikachuchumaa, nikafuta matope ubavuni mwa tairi kwa kitambaa. Neno la kwanza lililojitokeza: STUDLESS, yaani isiyo na misumari. Nikasogeza kitambaa, zikajitokeza namba nne: 4411. Namba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 44 ya mwaka 2011. Nikabonyeza ukucha kwenye jino la tairi, ukucha ukakataa kuingia. Nikalipanua jino kwa bisibisi, ndani ya ile mikato myembamba kumejaa nyufa.

Tairi ile ilikuwa ya theluji, na uzee ulikuwa umeshaikausha. Ina meno yote, na haina mshiko wowote.

Hizi tairi zina historia yake. Zamani Wajapani wa kaskazini walitumia tairi zenye misumari. Zilishika barafu vizuri sana, ila zilikwangua lami, na vumbi lake likaleta kero kubwa kwenye miji kama Sapporo na Sendai, hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzizuia. Viwanda vikalazimika kunoa tairi zisizo na misumari, na vikazinoa kweli kweli. Kwenye barafu ni mali. Hapa kwetu, lami ya Mandela saa nane mchana, mpira ule laini unasagika kama ufutio wa penseli. Meno yanayumba ukikata kona. Kwenye maji inachelewa kusimama kuliko tairi ya kawaida iliyo nzima. Na angalia herufi iliyo mwisho wa saizi: nyingi zina Q, maana yake mwisho ni kilomita 160 kwa saa. Kuna mtu hapa ana gari la farasi 280, anatuma video kwenye kundi akiwa 200 na kitu, na chini amevaa Q. Simtaji. Anajijua, na anacheka.

Ndugu zangu, meno ya tairi hayatoshi. Soma ubavuni! Na za mtumba zile za barabarani zinazosuguliwa mafuta meusi mpaka zing'ae, zisome mara mbili.

Mtaniambia, Fundi, wewe unatuogopesha, mbona mashindano ya magari wanakimbia kwenye theluji na gari ni hizi hizi zetu? Nafurahi mmeuliza, au nafurahi nimewasingizia kuuliza.

Mwaka 1997 Subaru walianza ubingwa wa dunia wa rali kwa namna ambayo wazee wa Impreza mnaikumbuka. Monte Carlo, akashinda Piero Liatti. Sweden, kwenye theluji tupu, akashinda Kenneth Eriksson. Mashindano yaliyofuata yalikuwa Safari Rally, hapa jirani Kenya, na Colin McRae akashinda. Gari ni lile lile, Impreza, ndani ya wiki chache, kutoka barafu hadi vumbi na matope ya Bonde la Ufa.

Lakini je, lilikuwa gari lile lile kweli?

Sweden lilivaa tairi nyembamba zenye mamia ya misumari midogo ya chuma kigumu. Safari likavaa tairi nene za mawe, likainuliwa juu, likafungwa bomba mbele la kuzuia wanyama na kugonga, na pale pembeni mwa kioo cha mbele likapandishwa bomba la kuvutia hewa, injini ivute hewa juu kwenye usawa wa paa wakati gari linavuka mito. Siku zile Safari ilikimbiwa kwenye barabara zisizofungwa, kuna ng'ombe, kuna lori, kuna bibi na kuni zake, kwa hiyo helikopta iliruka mbele kumtahadharisha dereva. Timu yenye pesa zote zile, yenye madereva bora duniani, haikuthubutu kuleta gari la Sweden Kenya bila kulibadilisha. Wewe na mimi ni nani hata tulitoe gari Hokkaido Ijumaa, Jumamosi tuko nalo njia ya Morogoro?

Wala msidhani ni suala la nguvu. Nguvu ya injini ilibaki ile ile. Walichohangaika nacho zaidi ni gari litashikaje ardhi, na litavutaje hewa safi. Kushika ardhi nimeshasema. La hewa tutalifikia, lina habari ya Jangwani ndani yake.

Twende kwenye vimiminika. Hapa nina ugomvi na mafundi wenzangu, na nitausema hadharani.

Mpwa wangu alipomaliza tairi alinipigia tena. Nikamwambia sasa nenda wakupimie kulanti, yale maji ya kupozea injini. Kuna kifaa kidogo, wanatia tone moja, kinawaambia itaganda kwenye nyuzi ngapi. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Yakigandia ndani ya injini yanapasua bloku ya chuma. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, maji safi na ile dawa yenye glaikoli, haugandi kuwa barafu hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Montreal kuna siku zinapita 20 chini ya sifuri, kwa hiyo huko hakuna mzaha.

Sasa gari lile lile likifika Dar, fundi anafungua rejeta, anaona maji ya kijani au mekundu, anasema, "Hii ni ya kuzuia baridi, huku hatuna baridi," anamwaga, anajaza maji ya bomba. Au ya kisima! Nani hapa anakaa sehemu ambayo kisima kinatoa maji ya chumvi? Nyoosheni mikono. Mbagala, Kigamboni, Mbezi, naona. Yale maji hamuwezi kuyanywa, hampikii nayo chai, lakini mnainywesha injini ya aluminiamu. Kulanti haizuii kuganda tu. Inazuia kutu, inalinda wota pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo kwenye foleni ya Mwenge kiyoyozi kikiwa kimewaka unalihitaji kuliko Mcanada. Wenye Subaru, niwakumbushe maumivu ya gasketi ya silinda hedi? Sitawakumbusha. Nawaona nyuso.

Na lile la pili: themostati. "Itoe, huku joto." Ndugu zangu mafundi, themostati haikuwekwa kwa sababu ya theluji. Iliwekwa ili injini ifike joto lake la kazi haraka na ibaki hapo, iwe Sapporo au Sinza. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na mfumo wa petroli unadhani kila siku ni asubuhi. Kama gari linachemsha, tafuta kinacholichemsha. Kutoa themostati ni kumnyamazisha mgonjwa.

Oili nitapita haraka. Ile namba kabla ya herufi W inaeleza oili inavyopita wakati wa baridi, namba ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikiwa imepata moto. Fungua kitabu cha gari, weka kilichoandikwa. Si kile alichoshauri mwenye duka ambaye amebakiwa na katoni. Betri nayo: baridi kali huipunguzia nguvu karibu nusu, ndiyo maana kule inafia kwenye baridi. Kinachoichosha ni joto, kwa hiyo betri ya Dar inazeeka upesi na haikuambii mpaka siku ya mvua, waipa, taa na feni vikiwa vimewaka vyote. Ipime kabla ya Machi. Basi.

Sasa kutu.

Kwenye nchi za theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Inayeyuka, halafu yale maji ya chumvi yanarushwa chini ya gari kwa miezi. Quebec watu wengi hupuliziwa mafuta maalumu chini ya gari kila mwaka kabla ya baridi, na wanaojali wanaosha chini mara kwa mara msimu mzima. Mpwa wangu nilimwagiza yote mawili. Asiyejali, miaka ikipita, anaendesha rangi nzuri iliyokalia uozo.

Gereji kwangu Tabata lilikuja gari la buluu, zuri, limepigwa polishi mpaka unajiona. Mwenyewe alitaka kufunga shokapu mpya na springi fupi. Tukalipandisha juu. Kijana wangu akagonga kwa kitako cha bisibisi pale shokapu la nyuma linaposhikilia bodi. Ilisikika sauti ya kopo. Akageuza bisibisi, akasukuma taratibu, ikaingia hadi mpini. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale na soda mkononi. Hakuinywa tena.

Springi hazikufungwa siku ile. Tulikata, tukachomelea chuma kipya, na ile bajeti ya springi ikaishia kwenye kuchomelea.

Mnaagiza magari? Ombeni karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na alama zake: S ni kutu ya juu juu, C ni kutu iliyokula. Mkiona alama hizo, au mkiona gari liliuzwa mnada wa kaskazini, ombeni picha za chini, si za mbele zenye taa zinazong'aa. Na kama gari liko yadi tayari, lala chini ukatazame nati na bomba za breki. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae. Na ninyi wa Kigamboni mnaovuka na pantoni, na wale wa kando ya bahari, chumvi mnayo bila theluji. Kuosha gari juu tu kila Jumapili ni kujifurahisha.

Nimekaribia kumaliza. Mwenyekiti usiangalie saa.

Dereva. Nilimwambia mpwa wangu, siku ya kwanza theluji ikianguka, nenda kwenye uwanja mtupu wa kupaki, penye ruhusa, hakuna mtu, hakuna nguzo, ukajifunze gari linavyoteleza. Turbo ikishika ghafla kwenye barafu tairi zote zinazunguka bure, kwa hiyo panda gia mapema, kanyaga mafuta taratibu, acha nafasi kubwa mbele. Ukipaki nje usivute hendibreki, inaweza kugandia huko, tumia gia. Theluji ikikufukia umekwama, hakikisha bomba la moshi liko wazi kabla ya kuwasha injini ujipashe moto, maana ile hewa ya sumu imeua watu ndani ya magari yao. Na buti liwe na koleo, blanketi, tochi na nyaya za kuchajia.

Kuna kitufe nacho. Magari mengi ya Toyota kutoka Japani yana kitufe kimeandikwa SNOW. Wengine mmekikuta mkadhani ni kiyoyozi kikali, nawajua. Kile kinapunguza ukali wa pedeli ya mafuta na mara nyingi kinaondokea gia ya pili. Kwenye matope ya mtaa wako wakati wa masika, kijaribu.

Na kwetu hatari yenyewe inaanza dakika za mwanzo za mvua ya kwanza, wakati vumbi na mafuta yaliyodondoka miezi yote yanachanganyika na maji juu ya lami. Nusu saa ile punguza. Tairi ikiwa kipara, spidi ya 80 au 90 juu ya maji yaliyotuama inatosha kuinua gari, na likishaelea usukani unakuwa pambo. Usikanyage breki kwa hofu. Achia mafuta, shika usukani ulivyo, subiri lishuke.

Sasa ile habari ya hewa. Mnapenda kufunga vile vichujio vya hewa virefu vinavyoshuka hadi nyuma ya bampa, vivute hewa baridi. Vizuri. Vinavuma vizuri. Lakini umeweka pua ya gari sentimita chache kutoka lami, kwenye mji ambao Jangwani ikijaa Barabara ya Morogoro inafungwa. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, pistoni inapanda, inakuta ukuta, konrodi inapinda. Injini ya mamilioni inakufa kwa maji ya magotini! Nimeona kijana anasukumwa kutoka kwenye maji, wasamaria wanamwambia, "Piga stata, piga stata!" Usipige. Gari likizimikia kwenye maji usiliwashe tena. Livutwe, plagi zifunguliwe, maji yatolewe kwanza. Na msimu wa masika rudisheni kile kiboksi cha hewa cha kiwandani, waliokibuni waliweka pua juu kwa makusudi. Mtapoteza mvumo wa miezi mitatu. Mtavumilia.

Mpwa wangu? Yuko salama. Alinitumia picha ya WRX imefunikwa nyeupe hadi kwenye vioo, ameandika, "Mjomba, tairi kwanza." Chini yake akauliza tena ile programu ya kuongeza nguvu. Sijamjibu.

Maswali nitayajibia nje, kwa sababu hapa ndani hatuna tairi. Kila mtu achukue tochi ya simu, aende kwenye gari lake, asome namba nne za mwisho na atafute lile neno ubavuni. Atakayekuta STUDLESS aniite, bila aibu. Kipima upepo ninacho, kiko kwenye buti langu, vijana wawili wanisaidie. Tutaanza na ile Legacy nyeupe iliyopaki karibu na geti, maana wakati naingia niliiangalia na sikupenda nilichokiona. Mwenye Legacy nyeupe yuko wapi? Haya, twende.